Vichaka vya Majani ya Buluu, na Namna ya Kuvichagua



Nataka kuwaeleza habari ambazo labda wengine watazicheka: namna ya kuchagua vichaka vya bustani vyenye majani ya buluu. Mtu atasema, "Majani ya buluu yako wapi? Jani ni la kijani." Hata lugha yetu yasema hivyo, maana neno kijani lenyewe limetoka katika jani. Nami nilisema hivyo hivyo mpaka nilipopewa kazi ya kutunza bustani ndogo mbele ya bweni letu hapa Mbarara, kisha nikataka kupanda vichaka vya namna hiyo nyumbani kwetu Juru.

Katika kazi hiyo nilikosea mara tatu. Kosa la kwanza lilinipotezea fedha, la pili lilinipotezea mmea, na la tatu lilikuwa karibu kutuletea msiba. Basi siandiki haya kwa kujionyesha kuwa mjuzi, bali ili mwenzangu apendaye bustani asipite njia ile ile niliyopita mimi.

MAHALI PETU

Kabla ya kueleza mimea yafaa nieleze mahali, kwa sababu mmea na mahali pake haviachani. Juru ni mojawapo ya sehemu tatu za makazi ya wakimbizi ya Nakivale. Nyingine ni Base Camp na Rubondo. Makazi haya yamo katika wilaya ya Isingiro, ambayo zamani ilikuwa sehemu ya wilaya ya Mbarara. Watu wa kwanza kupokelewa hapo walikuwa Wanyarwanda, mwishoni mwa miaka ya 1950. Leo wako Wakongo, Warundi, Wanyarwanda, Wasomali, Wahabeshi na wengine. Sisi wa nyumbani kwetu tulitoka Kivu.

Nchi hii ni nchi ya nyasi na migunga, ng'ombe na migomba. Mvua huja mara mbili kwa mwaka: ya kwanza mwezi wa Machi mpaka Mei, na ya pili mwezi wa Septemba mpaka mwisho wa Novemba au Desemba. Katikati, tangu Juni mpaka Agosti, jua huwa kali, na vumbi jekundu la barabara hufunika kila kitu. Maji huchotwa bombani kwa jerikani, na mwenye kuchota hupanga foleni. Nyumbani tu watu saba, na kila jerikani ina kazi yake kabla haijafika mlangoni.

Kwa hiyo nilipomwambia mama ya kwamba nataka kupanda vichaka vya kupendeza macho, aliniuliza maswali mawili. La kwanza: "Maji haya ni ya kupikia, mwanangu. Hicho kichaka chako kitakunywa nini?" La pili lilikuwa gumu zaidi: "Sisi tuko hapa kwa kungoja. Mtu anayengoja hupanda maharage. Nani amemwona akipanda mapambo?"

Sikuwa na jibu. Lakini swali la kwanza lilinifanya nisome zaidi elimu ya mimea, na huko nikaona ya kwamba majani ya buluu na ukosefu wa maji ni mambo yaliyo karibu sana.

BULUU HIYO YATOKA WAPI?

Watu wengi hudhani ya kwamba jani la buluu lina rangi ya buluu ndani yake, kama vile kitambaa kilichochovywa katika nili. Sivyo. Ndani ya jani hilo mna rangi ya kijani kama katika majani mengine. Tofauti iko juu ya ngozi ya jani. Huko mmea umejipaka nta.

Nta hiyo haikulala bapa kama mafuta juu ya mkate. Imesimama katika chembe ndogo sana, nyingine kama vijiti, nyingine kama vigae, nyingine kama mirija, zisizoonekana kwa macho matupu. Mwanga wa jua ukigonga chembe hizo hutawanyika. Nao mwanga wa jua ni mchanganyiko wa rangi zote, na katika rangi hizo buluu hutawanywa na chembe ndogo kuliko nyekundu. Ndiyo maana jani lile la kijani huonekana kana kwamba limefunikwa pazia jembamba la buluu na nyeupe.

Kama huamini, tazama moshi wa jikoni jioni, unapopanda mbele ya miti myeusi. Utauona una rangi ya buluu. Je, kuni zina nili ndani yake? Hazina. Ni chembe za moshi zinazotawanya mwanga. Basi jani la buluu limefanana na moshi huo, isipokuwa moshi wake umeganda juu ya ngozi.

Kutokana na hayo twajifunza jambo la kwanza: mtu asitafute jani lenye buluu kama ya shati la shule. Atafute buluu ya moshi, ya njiwa, au ya kabichi changa. Akitarajia zaidi ya hapo atadanganywa na wauza miche.

Tena kuna majani yanayofanana na hayo bila kuwa na nta nyingi, ila yana malaika, yaani vinyweleo vyembamba vyeupe. Mfano wake ni leleshwa, kichaka kinachoota kwa wingi katika Bonde la Ufa la Kenya, hata katika vilima vya mbuga ya wanyama ya Ziwa Nakuru. Majani yake ni ya kijivu cha fedha, na ukiyasugua yananuka kama kafuri. Kwa macho, nta na malaika huweza kufanana, lakini kidole hutambua: nta huteleza na kufutika, malaika hubaki na kugusika kama kitambaa cha sufu.

Na watu wasidhani ya kwamba habari hizi za mwanga ni hadithi. Katika misitu ya Afrika kuna mmea uitwao Pollia condensata, wenye matunda madogo ya buluu yanayong'aa kama chuma. Mwaka 2012 wataalamu walieleza ya kwamba buluu ya matunda hayo haina rangi yoyote ya kuchovya. Yote yafanywa na mpangilio wa ngozi ya tunda na mwanga unaoipiga. Tunda moja walilolichunguza lilichumwa Ghana mwaka 1974, na rangi yake ilikuwa ingali inang'aa.

JARIBIO LA JIKONI

Mwanafunzi asiye na maabara aweza kuona haya yote jikoni kwao. Chukua jani la nje la kabichi, lile lenye rangi ya buluu kidogo. Lisiwe limeoshwa. Ligawe kwa macho sehemu mbili. Sehemu ya kulia isugue polepole kwa kitambaa laini kikavu, na ya kushoto usiiguse. Utaona upande uliosuguliwa umekuwa kijani kinachong'aa, na upande wa pili umebaki na buluu yake. Sasa dondosha tone la maji pande zote mbili. Upande wenye nta tone litasimama mviringo kama ushanga, na ukiinamisha jani litabingirika. Upande uliosuguliwa tone litatandaa na kushika.

Mifano mingine tunaiona kila siku bila kuifikiri. Chini ya jani la mgomba pana unga wa rangi ya jivu, na hiyo ni nta. Wapishi wa matoke wanapopitisha jani juu ya moto ili lilainike, nta huyeyuka, na jani hugeuka kijani kizito mbele ya macho yao. Tazama pia upande wa chini wa jani la muhogo, na unga mweupe juu ya bua la mtama, na jani la jimbi ambalo maji hayalilowanishi. Zote ni kazi za nta.

KAZI YA NTA

Mmea haujipambi kwa ajili yetu. Nta ina kazi zake, na aliyezijua atajua mahali pa kupanda.

Kwanza, nta huzuia maji ya ndani ya jani yasipotee hewani. Pili, hurudisha sehemu ya mwanga mkali ili jani lisiungue. Tatu, hufanya mvua ibingirike na kuchukua vumbi pamoja nayo. Habari hii ya tatu ilielezwa vizuri mwaka 1997 na wataalamu wawili wa Ujerumani, Barthlott na Neinhuis, walioonyesha kwamba jani la yungiyungi takatifu la Asia hujisafisha lenyewe kwa sababu ya chembe za nta zilizo juu yake. Nne, wadudu wengine huteleza juu ya nta na kushindwa kushika.

Kwa hiyo twaweza kusema kwa jumla: buluu ya jani ni vazi la mmea wa jua na ukame. Ukiupanda kivulini, mara nyingi nta hupungua na jani hurudi kijani. Ukiunywesha maji kila siku, unaukosea, maana umeumbwa kuvumilia. Hili ndilo jibu nililompelekea mama kwa swali lake la kwanza. Kichaka cha buluu kilichochaguliwa vema hunywa maji kidogo sana kikishashika mizizi.

KOSA LA KWANZA: NILITAZAMA MCHE, SIKUTAZAMA MTI

Mche wangu wa kwanza niliununua kando ya barabara Mbarara. Ulikuwa katika mfuko mweusi, kimo chake kama mkono, majani yake mviringo, yamekaa mawili mawili bila vikonyo, na buluu yake ilikuwa nzuri mno, kama imepakwa chokaa yenye samawati. Aliyeuza alisema umetoka milima ya Kabale. Sikuuliza jina. Nilitoa fedha zangu zote za matumizi ya muhula.

Ulikuwa mkaratusi wa buluu, ambao wataalamu huuita Eucalyptus globulus. Kwao ni Tasmania na kusini-mashariki ya Australia, na huko hupita mita 50 kwa urefu. Tena buluu ile ni ya utoto tu. Ukikua, majani hubadilika kabisa: huwa marefu, yamepinda kama mundu, ya kijani kizito, yakining'inia. Niliyedhani nimenunua kichaka nilikuwa nimenunua msitu.

Sisemi mkaratusi huo ni mti mbaya. Mji wa Addis Ababa ulipoanzishwa mwaka 1886, kuni zilikuwa haba upesi, na katika miaka ya 1890, wakati wa Mfalme Menelik wa Pili, mkaratusi huo ulipelekwa huko ukaenea vilimani. Wahabeshi huuita bahir zaf, yaani mti wa ng'ambo ya bahari. Lakini ni mti wenye kunywa maji mengi, na haifai kuupanda karibu na kisima wala shamba dogo la mboga.

Mwenye kuupenda kwa ajili ya buluu yake ana njia moja: kuukata karibu na ardhi kila mwaka, ili uchipue machipukizi machanga, ambayo ni ya buluu tena. Ndivyo wafanyavyo wakulima wa maua wanaouza matawi ya mikaratusi ya kupambia. Nasi tuliukata. Lakini tuliuhamishia mwisho kabisa wa kiwanja cha shule, mbali na bweni, na kazi ya kuukata haina mwisho.

KOSA LA PILI: NILIUPENDA MMEA KUPITA KIASI

Mmea wa pili ulikuwa chipukizi la mkonge wa bustani, Agave americana, uliotoka asili yake Mexico na nchi za jirani. Majani yake ni manene, ya buluu ya kijivu, yamejipanga kama nyota kubwa ardhini. Huu ni ndugu wa mkonge wa kamba. Nao mkonge wa kamba una historia katika Afrika Mashariki: mwaka 1893 Mjerumani mmoja, Richard Hindorf, aliagiza miche 1000 kutoka Florida, na iliyofika Tanganyika ikiwa hai ilikuwa 62 tu. Kutoka hiyo 62 yalikuja mashamba makubwa ya Tanga, na katika miaka ya 1960 mapema Tanganyika iliongoza dunia kwa mkonge.

Chipukizi langu nililipanda mbele ya bweni. Vumbi lilipolifunika, nililifuta kwa kitambaa cha maji ya sabuni, jani kwa jani, kila Jumamosi. Kila jioni nilimwagia maji. Baada ya wiki chache majani yalikuwa ya kijani kibaya kilichojaa alama za vidole vyangu, na siku moja nilipolishika likang'oka mkononi. Shina lilikuwa limeoza.

Nilikuwa nimefanya makosa mawili kwa pamoja. Sabuni na mafuta huondoa nta, na jani lililokwisha kukomaa mara nyingi haliwezi kuirudisha kama lilivyokuwa. Na maji ya kila siku katika udongo mzito huozesha mizizi ya mmea wa ukame. Vumbi yafaa liachiwe mvua. Kama mvua imechelewa sana, nyunyiza maji matupu kwa mbali, usisugue. Hata dawa ya sabuni ya kuua wadudu usiitumie kwenye majani ya buluu bila kujaribu kwanza jani moja.

KOSA LA TATU: SIKUULIZA JINA

Sasa nafika kwenye kosa ambalo sipendi kulikumbuka. Rafiki yangu mmoja aliyekuwa akisoma Kenya aliniletea mbegu ndogo kama vumbi, akasema zitatoa kichaka kizuri cha buluu kisichotaka maji. Maneno yake yalikuwa ya kweli. Nilizipanda nyumbani Juru, kando ya jiko. Zikaota upesi. Majani yake yalikuwa mapana, laini, manene kidogo, ya buluu kama sukuma wiki changa. Baada ya muda vikatoka vijiua vya manjano, virefu kama mirija.

Mwezi wa Agosti mboga zilikuwa zimekauka zote. Dada yangu mdogo, mwenye miaka tisa, aliona majani yale mabichi kando ya jiko, akachuma konzi mbili, akayakatakata na kuyaweka katika sufuria ili amfurahishe mama. Mama aliporudi kutoka bombani aliyatazama, akaokota kipande, akakisugua. Akasema, "Mboga nisiyoijua jina lake siipiki," akaimwaga. Dada yangu alilia kwa sababu jioni ile tulikula ugali kwa chumvi.

Niliporudi shuleni nilichukua tawi lenye maua, nimelifunga katika gazeti, nikampelekea mwalimu wetu wa elimu ya viumbe. Alilitazama, akafungua kitabu chenye picha, kisha akaniuliza kwanza kama kuna mtu aliyelila. Mmea ule ni tumbaku-mti, Nicotiana glauca, uliotoka Amerika ya Kusini na kuenea katika sehemu kavu za Kenya na Tanzania. Una sumu iitwayo anabasini, ndugu wa ile ya tumbaku, na katika nchi mbalimbali wako watu waliokufa kwa kuupika wakidhani ni mboga. Kuupika hakuondoi hatari.

Nilipiga simu nyumbani siku ile ile. Tuliing'oa yote, mizizi na mbegu, nasi tuliosha mikono. Tangu hapo nimeshika kanuni ya mama, nami naiona kuwa ni kanuni ya elimu: nisichokijua jina lake sikipandi. Tena jambo hili lahitaji uangalifu zaidi mahali kama petu, ambapo watu wa nchi nyingi wamekutana, kila mmoja na mboga za kwao, na jani la mwenzako laweza kufanana na la kwenu.

KICHAKA NILICHOKICHAGUA

Kichaka kilichonifaa sikukipata katika kitalu chochote. Base Camp yuko mama mmoja wa Kihabeshi anayeuza kahawa. Siku moja nikingoja gari niliona kando ya mlango wake kichaka kifupi, kama cha magotini, chenye vijani vidogo vya buluu vilivyogawanyika kama manyoya. Nilimsalimu, nikamwuliza, "Mama, mmea huu waitwaje?" Akasema, "Tena adam." Akavunja kitawi, akakitia katika kikombe changu cha kahawa.

Wazungu huuita ruta, na Waarabu huuita sadhab. Hufika kimo cha mita moja hivi, huvumilia jua na ukame, na huota kwa vipandikizi. Harufu yake ni kali, na wadudu wengi hawaipendi. Katika Ulaya bustani nyingi huupanda kwa ajili ya buluu yake tu.

Lakini na huu una masharti yake. Utomvu wake ukishika ngozi, kisha ngozi ikapigwa na jua, huweza kutoa malengelenge kama ya moto. Kwa hiyo hukatwa jioni, kwa mikono iliyofunikwa. Wala mwanamke mwenye mimba asiutumie kama dawa, maana huweza kudhuru mimba. Yule mama alinieleza mwenyewe: kitawi kimoja katika kikombe chatosha, na kwa mjamzito hata hicho hakitiwi. Hiyo ndiyo faida ya kumwuliza anayeujua mmea tangu utotoni.

KANUNI ZA KUCHAGUA

Nimekusanya niliyojifunza katika kanuni sita, ili msomaji azinakili:

1. Uliza jina la mmea, kisha ulithibitishe kwa mtu wa pili au kwa kitabu. Usipolipata, usipande.

2. Tazama mmea uliokomaa, wala si mche peke yake. Uliza kimo chake cha mwisho, na kama buluu yake ni ya utotoni tu.

3. Sugua jani moja kwa kidole. Ikiwa ni nta, panga kuupanda mahali ambapo watu hawatapita na kuuguza. Ikiwa ni malaika, usiupande penye unyevu mwingi.

4. Upande penye jua la kutosha na udongo usiotuamisha maji. Udongo ukiwa mzito, inua tuta na uchanganye kokoto.

5. Tazama miiba na utomvu. Mkonge una miiba mikali ncha za majani, na utomvu wake huwasha. Usiupande kando ya njia ya watoto, wala ruta karibu na mahali wanapochezea.

6. Mwagilia katika miezi ya kwanza tu mpaka ushike mizizi, kisha upunguze. Maji yaliyooshea mboga yafaa, mradi hayana sabuni.

Neno moja juu ya kupanga. Majani ya buluu yakiwa peke yake huonekana kama jivu. Uzuri wake hutoka kwa jirani. Yapande mbele ya kitu cha kijani kizito, au karibu na maua ya manjano na mekundu. Sisi wa Juru tumepewa jirani mzuri bila kulipa: udongo mwekundu. Buluu juu ya wekundu huo huonekana hata kwa mtu apitaye mbali juu ya bodaboda.

MWISHO

Mwanzo wa mvua za Machi nilipanda nyumbani vipandikizi vitano vya ruta na chipukizi moja la mkonge wa bustani, nyuma ya nyumba, mbali na jiko na njia. Juni, Julai na Agosti zikapita. Ruta mbili zilikufa, tatu zikaishi, na mkonge ukaishi. Maji yao yalikuwa yale ya kuoshea mboga, tena mara moja kwa juma. Hapana jerikani hata moja iliyochotwa kwa ajili yao.

Nilipokuwa likizoni mama aliniita nje akaniuliza, "Huu mkonge wako utachanua lini?" Nikamwambia ukweli: labda miaka kumi, labda ishirini, labda zaidi, huchanua mara moja tu, kisha hufa na kuacha machipukizi. Alinyamaza kidogo. Swali lake la pili, lile la kungoja, hakulirudia, nami sijapata jibu lake katika kitabu chochote. Akasema tu, "Basi uondolee magugu." Nilipoinama na kunyosha mkono nipanguse vumbi lililokuwa juu ya jani, akanishika mkono. "Usiuguse," akasema. "Utautoa unga wake."

Basi, wasomaji wenzangu, jaribuni. Anzeni na jani la kabichi.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa nini jani la buluu likisuguliwa hugeuka kijani?

2. Utatambuaje jani lenye nta na jani lenye malaika?

3. Taja sababu mbili za kutonunua mche wa mkaratusi wa buluu kwa ajili ya bustani ndogo.

4. Tafuta karibu na nyumbani kwenu mimea mitatu yenye nta. Andika jina la kila mmoja katika lugha mbili, na umwulize mtu mzima kama una sumu.